Wa Kumshikia Shofa Kapo

Tulimwita Shofa. Alizaliwa wapi na nani walimzaa si kazi yangu kueleza. Ofisi za wakimbizi zilimuuliza hayo mara nyingi kuliko inavyomfaa binadamu, naye kila mara alijibu huku akitazama dari. Mimi nitaandika nilichokiona kwa macho yangu: mtu, pikapu yake, na boneti ya ile pikapu, ambayo yeye aliiita kapo kama Wakongo wote.

Boneti ile haikuwa na kitu cha kuishikilia ikifunguliwa. Magari ya zamani huwa na fimbo nyembamba ya chuma. Unainua boneti, unachomeka fimbo, unafanya kazi yako mikono yote miwili ikiwa huru. Fimbo ya Shofa ilipotea kabla sijamfahamu. Ilipotelea wapi, ilitegemea ulimuuliza siku gani. Mara ilikorogewa ugali wa watu waliolala mpakani. Mara alimwachia mwanamke mjamzito njiani awe anaiegemea. Mara askari aliinyakua akidhani ni kipande cha bunduki. Asubuhi moja nilimsikia akiwapa watu wawili hadithi mbili, mmoja baada ya mwingine, bila aibu. Aliponiona namtazama akasema, "Mutoto, chuma ni moja lakini batu ni mingi. Kila mutu apate yake."

Angeweza kukata mti na kuuegemeza pale. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, haijakosa miti ya kiasi hicho. Hakutaka. Injini yake ilikuwa nzee, rejeta ilivuja, na kila baada ya mlima alilazimika kusimama na kuongeza maji. Akisimama, alimwita yeyote aliyekuwa karibu. Hapa Misiera, mbele ya maduka, sauti yake ilijulikana: "Wewe mwenye koti, njo unishikie kapo kidogo."

Ukishaishika, ulikuwa wake. Boneti ya zamani ni chuma, si bati la magari ya leo, na ilihitaji mikono miwili na kifua. Yeye huko chini alikuwa hana haraka kabisa. Alifungua kifuniko, alisubiri mvuke utoke, alimimina maji kidogo kidogo kama anayemnywesha mgonjwa, na wakati huo alikuuliza. Mama yako amepona? Kwa nini hukuja mazishini? Ni kweli umemfukuza mke wa ndugu yako? Watu walijibu ukweli. Mimi mwenyewe nilimjibu ukweli, nilipokuwa kijana wa kuuza sabuni dukani kwa mama, kwamba nataka kuondoka na sijamwambia mtu. Alikuwa na msemo wake: "Mutu mwenye kushika kapo hana mukono ya kubebea uongo."

Kwa njia hiyo alisuluhisha magomvi ambayo wenyeviti na wachungaji walishindwa. Nakumbuka Mrundi mmoja wa Juru, upande mwingine wa kambi, na mama mmoja wa Kivu aliyekuwa na duka la vitenge. Mbuzi wa mama alikuwa amekula maharagwe ya Mrundi, na watu hao walikuwa wamefika hatua ya kutosalimiana hata kwenye msiba. Shofa aliwabeba wote wawili siku ya soko. Katikati ya mlima akasimamisha gari, akasema kapo leo ni nzito, inataka watu wawili. Akampa huyu pembe ya kushoto, yule pembe ya kulia. Kisha akaingiza kichwa ndani na kuanza kufungua na kufunga kitu ambacho hakikuwa na ubaya wowote.

Jua lilikuwa kali. Sisi abiria tulikaa nyuma tunangoja.

"Mama, upande wako unashuka," akasema Mrundi.

"Unashuka kwa sababu wewe ni murefu. Inama kidogo."

"Niiname? Mbuzi wako ndiye alinifundisha kuinama, naokota maharagwe moja moja."

"Ile mbuzi tulishakula, papa. Ungekuja, ungepata mguu."

Shofa hakutoa kichwa hadi waliposikika wakicheka. Akafunga kapo, akajifuta mikono, akatuambia nyuma, "Panne imekwisha." Hakuna hitilafu iliyokuwapo. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Lakini msidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa mkali kuliko askari wa zamu. Hakumruhusu mtu kutema mate akiwa ndani ya gari lake, hakuruhusu kuku asiyefungwa miguu, na mwenye kulala safarini alimwamsha ili, kama alivyosema, asiwaambukize wengine. Alichukia redio, alisema zinaongea bila kuulizwa, lakini kila aliyefika kutoka upande wa Uvira, kwao Kongo, alimshikisha kapo hadi amweleze mambo ya kule, kijiji kwa kijiji. Kila mwaka alisema mwaka ujao anarudi nyumbani. Kila jioni aliegesha pikapu pua ikitazama njia ya magharibi, tangi la maji limejaa, kamba zimekunjwa. Na mtu huyohuyo alipanda miparachichi nyuma ya nyumba yake Juru, akaizungushia miiba, akaipalilia. Nilimuuliza siku moja, mtu wa kuondoka mwaka ujao anapanda parachichi za nani? Akanijibu, "Za wewe, kwa sababu wewe utaondoka na utarudi na njaa."

Niliondoka kweli. Nimerudi bila njaa. Hilo nalisema wazi kwa kuwa wapo wanaopenda kusikia kwamba walioondoka walirudi wamekunja mkia. Mimi sikubebwa na mjomba wala mfadhili. Nairobi nililala kwenye karakana za watu, nikaosha vipuri kwa petroli hadi ngozi ikabanduka, nikasoma jioni, na leo diploma yangu ya ufundi wa magari iko ukutani ndani ya kioo, mjini Mbarara, kwenye garaji yangu mwenyewe iliyo barabara ya kuelekea kambi ya jeshi ya Makenke. Wanajeshi wananiletea magari yao, na mwanajeshi hamletei gari mtu asiyejua. Shofa aliposikia nimerudi na karatasi alianza kuniita Diplome, nami sikuona ubaya. Mtu akiitwa kwa alichokitolea jasho, aitike.

Kuna jambo nililoliacha nyuma, nalo nililisikia tu kwa watu, na bila hilo picha ya mzee huyu haijakamilika. Alikuwa na mtoto wa kiume, mmoja tu aliyebaki. Kabla ya sisi wote, mshikaji wa kapo alikuwa huyo. Tangu utoto wake alisimama upande wa kulia wa gari, mikono juu, baba chini. Walikuwa wakizungumza hapo mambo yao yote, na wengine tulipitwa.

Mtoto alipokuwa mtu mzima, alianza kumwambia baba auze gari. Alisema Uvira haipo tena kwa ajili yao, wauze, wafungue duka Misiera, waache kuishi kama watu waliovaa viatu kitandani. Walibishana juu ya hilo nyumbani, walibishana barabarani. Siku moja, kwenye mlima wa kutoka kambini, gari lilichemka. Mtoto akashika kapo, mzee akaingiza mikono. Abiria walikuwa nyuma. Walisikia maneno, hawakuyashika vizuri, kisha wakasikia kapo ikipiga.

Hakuna aliyeona. Hilo ndilo jambo. Boneti ikiwa juu inaziba kioo chote cha mbele, na aliye nyuma haoni kinachofanyika kwenye injini. Waliporuka chini walimkuta mzee amepiga magoti, vidole vya mkono wa kushoto vimebanwa, na mtoto amesimama kando, mikono bado iko juu hewani. Walimtoa mzee. Mtoto alitembea kwa miguu kuelekea barabara kuu, na hakurudi.

Watu wana midomo. Wengine walisema aliiachia makusudi. Shofa alisema jambo moja, siku ileile akifungwa vitambaa, na hakulibadilisha hata mara moja, yeye ambaye fimbo moja ilikuwa na hadithi nyingi kiasi kile: "Alichoka. Kapo ni nzito, mutoto alichoka." Ukimwambia vingine, umevunja urafiki. Kulikuwa na muuza samaki mmoja aliyethubutu kusema mbele ya watu kwamba mikono iliyochoka huanguka pamoja na mzigo, haibaki hewani. Shofa hakumbeba tena yule mtu. Alimpita barabarani kwenye mvua, samaki wake kichwani, na hakugeuza shingo. Vidole viwili vilipona vikiwa vimepinda. Tangu hapo ndipo alipoanza kuwaita watu wote washike kapo, na mimi nadhani, ingawa hakuniambia, kwamba upande wa kulia alikuwa akiwekea mtu nafasi.

Sasa nije kwenye kazi niliyoifanya.

Yule mtoto alikuwa Mbarara siku zote hizo. Anashona na kurekebisha sare za wanajeshi kwenye kibanda karibu na Makenke, mtu wa maneno machache, mvi zimemwanza. Alikuja garaji yangu mchana mmoja, akasimama mlangoni, akaniangalia nikimalizia gari la sajenti mmoja wa hapo kambini. Nilikuwa nimemfungia boneti inayojisimamia, kwa zile shokabu ndogo za gesi ambazo magari mapya huja nazo. Unainua kidogo, zinamalizia zenyewe.

"Eh, fundi," akasema sajenti, akiifungua na kuifunga kama mtoto, "hii kitu iko na akili kushinda mukubwa wangu. Mukubwa ukimuinua anarudi chini."

Tulicheka. Mshonaji hakucheka. Sajenti alipoondoka akaokota shokabu moja iliyobaki mezani, akaniuliza, "Hizi zinaweza kuingia kwa gari ya zamani?"

"Mimi nikiziweka, zinaingia."

"Ile ya mzee ingali inatembea?"

"Inatembea."

"Nani anamushikia?"

"Yeyote anayepita."

Aliirudisha shokabu mezani. "Muwekee. Isimwangukie tena."

Nilimwambia aje mwenyewe siku ya kazi, gari langu lina nafasi. Akasema ana sare nyingi. Alipofika mlangoni akageuka. "Anasemaka nini juu ya siku ile?"

"Anasema ulichoka."

"Kwa batu bote anasema vile?"

"Kwa wote. Ukisema vingine hakubebi."

Alikuwa na uzi umening'inia kwenye mkono wa shati lake. Akaukata kwa meno, akaenda zake.

Kazi hiyo naiandika kwa kirefu kidogo kwa sababu ilikuwa nzuri, na mafundi wa kubahatisha wajifunze. Fundi wa kubahatisha huchukua shokabu zenye nguvu kuliko zote, akidhani nguvu ndiyo ubora. Boneti inakunjika katikati kama chapati, au inang'oa bawaba. Mimi niliing'oa boneti ya Shofa kwanza, nikaitundika kwenye mizani ya kupimia magunia ya maharagwe pale Juru, wakulima wakinicheka kwamba Diplome ananunua chuma kwa kilo. Nikajua uzito wake. Nikapima urefu ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Nilikuwa nimeleta shokabu kutoka mlango wa nyuma wa gari dogo lililokufa Mbarara, zenye nguvu ya kuinua uzito ule na si zaidi. Nikaunganisha vibao vya chuma ndani ya mbawa zilizo juu ya magurudumu, nikatia kingine chini ya boneti kuipa mgongo, nikaweka vile vichwa vya mviringo ambavyo shokabu hugeukia juu yake, na chuma chembamba kinachoingia na kutoka kwenye kila shokabu nikakielekeza chini, ili mafuta yaliyo ndani yakae kwenye mpira na gesi isitoroke mapema. Haya huyajui kwa kuchungulia.

Watu walikuwa wamejaa. Nikainua boneti kwa kidole kimoja. Ikapanda yenyewe, polepole, ikasimama. Wakapiga makofi. Mama wa vitenge akasema, "Sasa Shofa atamuuliza nani habari?" na watu wakacheka zaidi.

Shofa alikuwa ameegemea ukuta wake. Hakupiga makofi. Alikuja, akaweka mkono wenye vidole vilivyopinda juu ya shokabu ya kulia, ile ya upande wa mtoto, akaishika kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake juu ya kiwiko.

"Nani alikutuma?"

Nilimwambia.

"Iko wapi?"

"Mbarara, mzee. Anashona."

"Atakuya?"

"Hakusema."

Alifunga boneti. Akaifungua. Akaifunga tena. Watu walianza kutawanyika kwa sababu hapakuwa na la kutazama. Mwishowe akasema, "Mwambie hii alituma iko na mikono ya nguvu." Nilipeleka salamu hizo Mbarara. Mshonaji aliitika kwa kichwa na mashine haikusimama.

Baada ya hapo mambo ya Shofa yalipungua. Sisemi kazi yangu ilikuwa mbaya. Ilifanya kile ambacho chuma kile kiliumbwa kufanya. Lakini alisimama mlimani peke yake, kapo juu, na abiria walibaki wamekaa. Misiera hakuita tena mwenye koti. Alijaribu mara moja au mbili. Nilikuwapo alipomwita kijana mmoja wa bodaboda aje amshikie, na kijana akamwambia kwa heshima kabisa, "Mzee, si inajisimamia?" Mzee akatazama ile kapo kama mtu aliyejibiwa na mgeni nyumbani kwake. Mrundi na mama wa vitenge waligombana upya, safari hii juu ya mpaka wa shamba, na hadi leo hawajasalimiana. Kule Uvira habari zilizidi kuwa mbaya, na waliofika walimpita. Miparachichi ilizaa. Aliacha parachichi zidondoke.

Nilimwona mara ya mwisho kiangazi kilichopita, asubuhi na mapema. Ukungu wa ziwa ulikuwa haujainuka na kulikuwa na baridi. Nilikuwa naenda Juru kwa mteja, kwa gari langu mwenyewe, nikamkuta kando ya njia. Kapo iko juu. Mzee amesimama mbele yake, mikono kwenye mifuko ya koti, hafanyi kitu.

"Mzee, gari imekataa?"

"Nyamaza, uangalie."

Niliangalia. Mwanzoni sikuona jambo. Kisha niliona boneti inashuka. Ilishuka kidogo, ikatulia kana kwamba inafikiri, ikashuka tena. Nikaelewa mara moja: miaka imepita, mpira umechakaa, gesi imetoka kidogo kidogo, na kukiwa na baridi iliyobaki hupungua nguvu. Shokabu za gesi hazidumu milele, hata zikifungwa na mimi. Nilifungua mdomo nimweleze.

Alikuwa ameshatoa mkono mfukoni, ule wa kushoto. Akauweka juu ya ukingo, palepale chuma kinapokutana na chuma. Nilimwita. Hakusikia, au hakutaka. Kapo ilishuka, ikashuka, ikagusa migongo ya vile vidole vilivyopinda. Ndipo akauvuta mkono wake, taratibu, kama mtu anayeutoa chini ya blanketi asimwamshe mtoto. Boneti ikamalizia safari yake, ikalala.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mzee. Zimechoka. Nina nyingine garaji, nitakuletea Jumamosi."

"Zimechoka," akasema. "Zimenipa nafasi ya kutoa mukono. Siku ile sikuipata." Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia upande wa kulia wa gari, mahali ambapo majani yalikuwa yameota. "Kumbe kuchoka ni hivi."

Nilisema tena habari za Jumamosi, akatikisa kichwa kukataa. Rejeta ilikuwa bado inataka maji. Basi nikavua koti langu zuri, nikaiinua kapo, nikaishika kwa mikono miwili na kifua kama zamani, nikasimama upande wa kulia. Ilikuwa nzito kama nilivyoikumbuka. Alifungua kifuniko, akamimina maji, tangi zima. Nilingoja aniulize kitu. Mama yangu alikuwa anaumwa wakati ule, na ningemwambia. Alifunga kifuniko, akajifuta mikono, akaniashiria niishushe, akapanda garini. Hakuniuliza neno.